Ndoyi Wangu Nyani

Nimestaafu. Musicheke. Meno yangu yote yako mahali pake, mtoto wangu bado ananyonya, na kile kilima cha nyani naweza kukipanda hata leo bila kushika kiuno. Lakini utafiti wetu umefika mwisho, kikundi kipya kinaingia na buti ambazo hazijaona matope, na siku ya kuagana walinikalisha kwenye kiti cha plastiki, wakanipa sufuria yenye kifuniko, wakapiga makofi. Ukikalishwa, ukapewa sufuria, ukapigiwa makofi, hapa Bunia umestaafu. Usibishe.

Nyinyi vijana munaokuja nyuma yangu mumeniomba niandike kazi ilikuwaje. Ya vyeo nayamaliza hapa hapa: nilikuwa muokotaji, halafu nikawa msimamizi wa waokotaji. Ya mshahara hayana hadithi. Nitaandika yale ambayo hamtayakuta kwenye karatasi za mafunzo, na nitayaandika kwa hasira, kwa sababu ndivyo nilivyo, na kwa sababu hasira hiyo hiyo karibu initoe mtoto mgongoni. Tulieni, tutafika.

Siku ya kwanza sikuitafuta, ilinikuta. Nilikuwa nimemaliza sekondari, diploma yangu ya bio-shimi, biolojia na kemia, nimeifunga ndani ya plastiki isilowe, na nauza unite za kuweka kwenye simu chini ya mwavuli karibu na soko. Akaja mwanamke mrefu wa Kisangani, Docta Clarisse, ambaye Lingala yake inakimbia na Swahili yake inachechemea. Alikuwa amekuja kuongoza utafiti wa nyani. Akaniuliza kama namjua kijana yeyote wa bio-shimi asiyeogopa uchafu. Nikamwambia kijana simjui, ila msichana yuko mbele yake.

"Ni kazi gani?"

"Kuokota selle ya makako," akasema.

Selle, choo cha kupimwa, kila mtu Bunia anaijua. Umeshapeleka yako labo kwenye kisanduku cha kiberiti, na mimi pia. Kwa hiyo nyumbani walinielewa upesi, lakini walielewa vibaya. Mama yangu aliuliza, "Makako nazo ziko na amibe ya tumbo?" Nikasema sijui, ndiyo tunaenda kuangalia. Akafikiri kidogo. "Na dawa yao, nani atalipa?"

Mahali penyewe ni kile kilima chenye mawe kando ya njia ya Nyankunde, ambako nyani wanalala juu ya miamba na asubuhi wanashuka kutafuta matunda, na mihogo ya watu wakiweza. Aliyenipokea huko ni Papa Kisembo, mtu mnene aliyekuwa mchunga ng'ombe kabla nyani hawajampa kazi. Alikuwa mvivu wa kutembea na hodari wa kuketi, na kazi hii kwa kweli inataka mketaji. Alinifundisha karibu kila kitu, na mengine alinifundisha vibaya nikayajifunza upya mwenyewe.

La kwanza: hauokoti mavi, unaokota mavi ya fulani. Lazima umuone kwa macho yako anayadondosha, umjue kwa sikio lake au kovu lake, usubiri aondoke zake, ndipo uende. Ukichanganya ya huyu na ya yule, umeupa mwili wa huyu woga wa yule, na hesabu nzima imekufa. La pili: chukua katikati kwa kijiti kipya, usiguse kilichogusa udongo, kwa sababu udongo nao una wakaaji wake. La tatu: tube mbili. Moja ya kutafuta homoni, nyingine ya kutafuta bakteria, na kila moja na maji yake. Ile yenye alkoli tulikuwa tunaifunga kwa ufunguo. Aliyeionja kabla sijafika alistaafu mapema kuliko mimi, bila sufuria.

"Na kama hatoe kitu?" nilimuuliza Kisembo asubuhi ile ya kwanza. Jike tuliyekuwa tunamfuata alikuwa anakula tu, anajikuna, anakula.

"Tunaikala."

"Na kama hatoe mpaka saa sita?"

"Furaha, weye uko unamukimbiza kama deni. Nyani haiko employé. Ikala."

Nikakaa. Yule jike alitutazama, akapanda jiwe, akatoa vyote kwenye ufa ambao mkono wa mtu hauingii. Kisembo alicheka mpaka akashika mti.

Sasa niwaambie kwa nini tulifanya haya, kwa Swahili ya kueleweka, maana huko mbele mtaona Swahili mbaya ilifanya nini. Mama akitishwa, mwili wake unatoa dawa yake wenyewe, inaitwa kortizoli. Inamsaidia kukimbia, kupigana, kubaki mzima. Kama ana mimba, mimba nayo inaionja. Mabaki yake yanatoka na mavi, na ndiyo maana tukayaokota. Halafu mtoto anazaliwa, tumbo lake linaanza kujaa bakteria, wale ambao mimi nawaita wakaaji wa tumbo. Wengi wanatoka kwa mama, na wengi ni watu wazuri: wanamsaidia kusaga chakula na kukua. Swali letu lilikuwa hili: mama akitishwa sana mimba ingali changa, je, mtoto wake anapata wakaaji wengine kuliko mtoto wa mama aliyetulia? Basi. Hakuna uchawi hapo, na hakuna aibu ya mtu.

Kutoka kilimani mpaka Bunia kulikuwa na bariyeri. Munaijua amani yetu: soko limefunguliwa, harusi zinafungwa, na mfuko wa kukimbilia uko nyuma ya mlango. Wanajeshi wa bariyeri walikuwa wanapekua kila kitu, na glasiere yetu, lile sanduku la baridi, lilikuwa kubwa na la buluu, na kila mtu aliamini lina samaki.

"Mama, fungua."

"Chef, baridi itatoka."

"Fungua, na siye tunakulaka samaki."

Nikafungua. Akaona tube zimepangwa kama risasi. Akachukua moja, akaigeuza juani. "Iko nini?"

"Iko mavi, chef."

Akaniangalia. "Unanitukana mbele ya watu?"

"Apana, chef. Mavi ya nyani. Soma hapo juu, kila moja iko na jina ya mwenyewe."

Akasoma. Midomo yake ilikuwa inatembea. "Na inaenda wapi?"

"Inaenda Bunia, halafu inapanda ndege, inaenda Ulaya."

Aliirudisha ile tube mahali pake kwa vidole viwili, akafunga kifuniko kwa heshima kama anafunga mlango wa kanisa, akawageukia wenzake. "Munaona? Mavi ya makako inapata visa. Siye tunabaki apa na mvua." Tangu siku ile hatukupekuliwa tena. Wakituona kwa mbali walikuwa wanainua kamba na kupiga kelele, "Ambasaderi anapita!" Nyinyi mukifika hapo, msalimieni kwanza ndipo museme ni mavi. Mimi nilianza na mavi, nikakaribia kulala pale.

Nije kwa jina. Kisembo alikuwa na desturi yake: kila mfanyakazi mpya anatoa jina lake kwa jike asiye na jina. Ndiyo maana jike mkubwa kuliko wote, anayekula kwanza na kupiga wote, anaitwa Clarisse. Docta alilipokea hilo vizuri. Mimi nilipewa jike kijana mwenye sikio lililopasuka, wa cheo cha chini kabisa, ambaye kila asubuhi alikuwa anagombana na majike walio juu yake, anapigwa, anarudi tena kugombana.

"Huyu anakasirika tangu jua inatoka, na hakuna mutu amemufanya kitu," Kisembo akasema. "Iko ndoyi yako."

Ndoyi si mchezo kwetu. Mtu mwenye jina lako ni nusu ya ndugu. Akizaa unampelekea sabuni, ukifiwa anakuja kukaa na wewe, na zawadi zinatembea huku na huku. Kwa hiyo kila Furaha alipodondosha, Kisembo alikuwa ananiita kwa sauti msitu mzima usikie: "Kuya, ndoyi wako amekutumia zawadi!" Nilikasirika mwezi mzima. Halafu nikaanza kumpenda yule mnyama. Anapigwa, hasemi asante.

Mwaka ule nikaolewa na Baraka, mtoto wa Mama Lotsove, mfugaji wa ng'ombe upande wa Nyankunde. Baraka ni mtu mpole, tumbo lake tu ndilo kali: maharagi yakimgusa analala chali siku nzima. Alikwenda kwenye karyeri kuchimba dhahabu, akaniacha na mimba. Na Furaha naye akawa na mimba. Kisembo hakukosa la kusema.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Watu wa upande wa Gety walikimbia, wakapiga kambi chini ya kilima. Siwalaumu hata kidogo. Anayekimbia analala anapofika. Lakini nyuma yao walikuja wakata makala, wachoma makaa wenye mbwa, watu ambao hawakukimbia chochote ila kuona miti haina mwenyewe. Mashoka yalilia mchana kutwa. Mbwa waliwatoa nyani kwenye miamba yao, wakawa wanalala leo hapa kesho kule, wanakula haraka wakitazama nyuma. Nilimfuata ndoyi wangu na tumbo langu mbele, yeye na lake. Na mimi siku zile mfuko wangu haukukaa nyuma ya mlango, ulikaa miguuni. Halafu mambo yakatulia, wakata makala wakafukuzwa, kambi ikapungua, amani yetu ikarudi na makovu yake. Furaha akazaa. Baada yake kidogo nikazaa mimi, msichana, Gloria.

Hapo ndipo kazi ngumu kuliko zote ilianza, na muisome vizuri: mavi ya mtoto wa nyani. Ni madogo kama kipande cha kamba ya kiatu, yanabaki kwenye manyoya ya tumbo la mama au yanapotea kwenye majani. Mtoto hakai mahali. Unamfuata anacheza, unajifanya hauna haja naye, na ukimkaribia mama anakuonyesha meno yote. Nilikuwa narudi nyumbani nafua ya Gloria na kucheka peke yangu. Mchana kutwa natafuta ya mtoto wa mwenzangu sioni, jioni ya wangu yamejaa beseni.

Majibu yalichukua muda, yakaja. Docta alituketisha, akatueleza: kwa nyani wetu, watoto ambao mama zao walikuwa na kortizoli nyingi mimba ikiwa changa walikuwa na wakaaji wa tumbo tofauti na wenzao. Tofauti, alisema. Nikamuuliza, wabaya? Akasema, "Tofauti. Wengine labda si wazuri sana kwa kukua, hatujui yote." Nikaridhika. Mtoto wa Furaha nilimuona kila siku, alikuwa mnene anavuta watu mikia.

Kosa likaja na nia nzuri. Docta alitaka watu wajue, akaandika karatasi, akampa mtangazaji wa redio moja ya hapa aisome "kwa Swahili ya watu". Karatasi ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulisema nyani, nyani, nyani. Halafu likaja tangazo la mabati na misumari. Halafu ukurasa wa pili, ambao haukuwa na neno nyani hata mara moja, kwa sababu Docta aliona ameshasema.

Nilikuwa nafua. Redio ya jirani ikasema hivi, kwa sauti ile ya matanga:

"Basi, tuchukue mufano wa Furaha. Furaha, wakati wa mimba, alikuwa na mawazo mingi sana. Alikuwa anagombana na wanamuke wenzake kila asubuhi. Hakuwa na fasi ya kulala. Kabla ya mimba alionekana na wanaume wawili mu posho moja, ni kusema mu wiki moja. Leo mutoto wa Furaha iko na vidudu vya namna ingine mu tumbo. Wamama, mawazo yenu inaharibu tumbo ya watoto!"

Mawazo! Kwa Kifaransa karatasi ilisema woga wa mwili, ule wa mnyama anayekimbizwa. Yeye akasema mawazo, kama vile mama amekaa akajitungia shida mwenyewe. Na wakaaji wa tumbo wakawa vidudu.

Kichwa cha jirani kikatokea juu ya ua wa matete. "Mama Gloria, pole."

"Pole ya nini?"

"Ya ile... ya wale wanaume wawili."

"Ni nyani!" nikapiga kelele. "Ni nyani, wale!"

"Ee, mama," akasema kwa huruma, "wote wako nyani."

Mukitaka kujua maana ya kufungwa bila kamba, jaribuni hii. Kila nilipokasirika kueleza kwamba si mimi, watu waliangaliana: mnaona, redio ilisema. Nikipandisha sauti, ni mawazo. Nikinyamaza, ni mawazo ya ndani. Na Gloria wiki ile alikuwa anaota meno, anahara kama watoto wote wa dunia wanaoota meno. Nilimpeleka kituo cha afya, wakampa chumvi ya kukoroga, wakasema hakuna shida. Nani alisikia hilo? Hilo halikusomwa redioni.

Kesho yake moto, pikipiki ya kukodi, ikasimama mlangoni, akashuka mama mkwe wangu, Mama Lotsove, na kitenge kipya kimekunjwa kwapani. Mama mkwe wangu ni mwanamke mwembamba wa maneno machache, na siku zote ananiita Mama Gloria. Siku ile alisema, "Furaha."

Nilijua. Jina moja tu, nikajua.

"Karibu, mama."

"Nimekuya kuchukua mutoto. Ataikala na miye, atakunywa maziwa ya ng'ombe. Yako imeharibika."

"Mama, aliyesemwa redioni haiko miye."

"Furaha haiko jina yako?"

"Ni jina yangu, lakini..."

"Haugombanake na watu?"

"Mama, na nani hagombanake!" Sauti yangu ilikuwa imeshapanda, na yeye akatikisa kichwa kama mganga aliyeona dalili. Akachukua Gloria, akamnusa, akamuangalia ulimi. Akaniambia, tena kwa upole, na upole ndio uliniua: "Tangu zamani, mama akiwa na kasirani, anakamua ya kwanza chini ndiyo mutoto ananyonya. Weye unakamuaka?"

"Apana, mama."

"Basi."

Nikampigia Baraka, kule karyeri hakuna mtandao. Na muelewe, kwetu ng'ombe za mahari zikishafika, nyanya akitaka mjukuu, mukamwana hana wa kumkimbilia. Kama ningepiga kelele, ningempoteza Gloria kwa kelele zangu mwenyewe. Nilisimama pale nikiwa na hasira ya kuvunja sufuria, nikatabasamu. Mashavu yaliniuma. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kutabasamu kule.

"Sawa, mama," nikasema. "Nitakusindikiza. Kilima chetu iko njiani. Twende nikuonyeshe Furaha wa redio, halafu utaamua."

Akaniangalia kwa mashaka, lakini njia ilikuwa yake. Akamfunga Gloria mgongoni kwa kile kitenge kipya, chekundu chenye ndege, akapanda moto yake. Mimi nikapanda nyingine nyuma yao. Njia yote nikaona kisigino cha mtoto wangu kikining'inia kwenye kitenge kisicho changu. Kwenye bariyeri wakapiga kelele, "Ambasaderi!" wakaona sina glasiere, wakaona uso wangu, wakainua kamba kimya.

Kisembo alitupeleka kwenye ukingo wa upande wa pili wa bonde, maana mtoto anayehara hakaribii nyani. Magonjwa yetu yanawaua. Sheria hiyo muishike kuliko zote. Nikampa mama mkwe darubini. Akaigeuza kinyume.

"Wako mbali sana," akasema. "Wamekuwa sisimizi."

Kisembo akaigeuza kwa adabu. Mama Lotsove akaruka nyuma. "Yesu! Wako apa!"

"Yule mwenye sikio imepasuka," nikamwambia. "Kwa jiwe, na mutoto. Ndiye Furaha wa redio. Ni ndoyi wangu."

Akatazama. Furaha alikuwa anamchambua mtoto wake chawa. Dume kijana akapita, akamvuta mtoto mguu, na ndoyi wangu akalipuka: meno, kelele, mawe yakaporomoka, dume yule mkubwa kumzidi akakimbia mpaka kichakani. Furaha akarudi, mtoto akapanda, akanyonya, kama hakuna kilichotokea. Hakukamua chini hata tone.

"Mwanamuke mukali," mama mkwe akasema, na jicho halikutoka kwenye darubini. "Mutoto amenona."

"Amenona, mama."

"Na ile mawazo, alipewa na nani?"

Nikamuonyesha bonde: visiki vya miti, majivu ya tanuri za makala, miamba waliyofukuzwa. Nikamueleza mashoka, nikamueleza mbwa. Halafu nikamuuliza, na namshukuru Mungu sauti ilitoka chini, "Mama, ng'ombe yako ikikimbizwa na mbwa, ikafunga maziwa, unapiga nani fimbo? Ng'ombe ao mbwa?"

"Napiga mbwa," akajibu haraka, kama swali la mtoto. Halafu akaelekeza darubini kwenye visiki.

Kisembo akaanza kuangalia buti zake. Gloria akalia kidogo mgongoni, mama mkwe akamtikisa bila kugeuka. Mwishowe akashusha darubini.

"Nilikimbia na mimba ya Baraka," akasema. "Wakati ule wa vita. Ng'ombe mbele, miye nyuma, tumbo changa, hata watu walikuwa hawajajua. Tulilala mu manyasi." Akapangusa pua kwa kiganja. "Baraka hakulake maharagi tangu utoto."

Nawaambia kweli, neno hilo nilikuwa nalo mdomoni tangu Bunia. Nilikuwa nimelinoa njia nzima juu ya ile moto, nikimuangalia mgongo: na tumbo la mtoto wako, mama, liliharibiwa na mawazo ya nani? Lilikuwa tayari kutoka. Sasa alilisema yeye mwenyewe, kwa sauti ndogo, na mimi nikaona sina haja nalo tena.

"Mama, haikuwa weye," nikasema. "Ilikuwa vita."

"Ilikuwa vita," akarudia. Akalionja neno. Halafu akacheka, kicheko kikavu, cha ghafla. "Na miye miaka hii yote nasema ni maharagi ya sokoni!"

Tukacheka wote, Kisembo kuliko wote. Akateremka bonde na kurudi akihema, na tube mkononi, iliyojaa. Akaiinua mbele ya mama mkwe. "Mama, ndoyi amesikia mumefika. Ametuma zawadi."

"Peleka ile kitu mbali!" Lakini alikuwa bado anacheka, na wakati anacheka mikono yake ilifungua fundo la kitenge kifuani. Nilidhani anataka kukaza. Akamteremsha Gloria, akanigeuza mabega, akaniwekea mtoto mgongoni, akakivuta kile kitenge chekundu chenye ndege kunizunguka, akakifunga fundo mbele yangu kwa nguvu, akalipiga kofi dogo.

"Ikale na kitenge, Mama Gloria," akasema. "Siye nyumbani tuko na vingine."

Ndiyo kazi yangu ilivyokuwa, na ndiyo maana nawaandikia. Mutaokota, mutapima, majibu yatakuja, na siku moja mutu atawaomba museme kwa Swahili ya watu. Musiseme mama ana mawazo. Semeni mama ametishwa, na kwenye sentensi hiyo hiyo, kabla ya tangazo la mabati, museme ametishwa na nani. Na neno nyani liandikeni kwenye kila ukurasa.

Vijiti nimeviacha kwenye kopo kavu, ufunguo wa alkoli anao Kisembo. Ndoyi wangu ana mimba nyingine, msalimieni, musimkaribie. Mimi niko nyumbani na sufuria yangu na hasira yangu, na Gloria ananyonya vyote viwili na anakua.

Karibu nisahau. Siku ile, mama mkwe alipokuwa ameshapanda moto yake aendelee na njia ya kwao, alimshika dereva bega angoje, akaniita karibu, akainama sikioni.

"Na ile ya wanaume wawili mu posho moja?"

"Ya nyani, mama. Yote ya nyani."

"Nilijua," akasema, akajiweka sawa kitini. "Lakini nilipaswa kuuliza."